Jicho wanamzuia mishipa isiote, mguu naambiwa nimtafutie dawa ya kuotesha. Nimechanganyikiwa

Shikamoo dokta. Samahani barua ni ndefu ila nimeshindwa kuifupisha maana kila kitu kimeshikana. Baba yangu ana miaka 67, huu ni mwaka wa 19 ana kisukari, na alivuta sigara mda mrefu sana, kaacha miaka minne iliyopita. Mwaka huu alianza kuona ukungu jicho la kulia, tukaambiwa sukari imeharibu retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, kuna vimishipa vinavuja na vingine vimeota sehemu visipotakiwa, kwahiyo kila mwezi anachomwa sindano ndani ya jicho ya kuzuia mishipa isiote. Kashachomwa 3 na kwa kweli kapata nafuu, sasa hivi anasoma meseji mwenyewe bila kuniita.

Shida ni mguu wa kushoto. Mwaka juzi alianza kulalamika akitembea kidogo shavu la mguu linambana, akisimama linaachia, tukajua ni uzee. Miezi hii miwili hata kutembea ni kwa tabu. Usiku ndo balaa, anasema vidole vinawaka moto, anatoka kitandani anakaa kwenye kiti mguu unaning'inia chini ndo anapata usingizi, akiupandisha tu kitandani maumivu yanarudi. Asubuhi namkuta kajikunja kwenye kiti na mguu umevimba. Alafu pembeni ya ukucha wa kidole gumba kuna kakidonda, kadogo tu kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kana wiki 3, hakatoi usaha, hakanuki, yeye anasema chenyewe wala hakamuumi. Ila ncha ya kidole imeanza kuwa nyeusi kuliko vidole vingine. Kliniki yake ni wiki 5 zijazo na anasema tusimsumbue mpaka siku ifike.

Sasa binamu yangu aliyesoma sayansi kanitumia maelezo kwamba kuna protini inaitwa VEGF ndo inaotesha mishipa ya damu, na kwamba mguu wa mtu wa kisukari unakosa hiyo protini, na kuna sindano zake za jeni. Na kuna mtu mwingine anauza vidonge vya "kuotesha mishipa", dozi ya miezi 3. Maswali yangu: hiyo sindano ya VEGF naipataje? Hivyo vidonge nimnunulie? Na la mwisho ndo linaninyima raha, je hizi sindano za jicho ndo zimeua mishipa ya mguu? Mimi ndo nilimbembeleza akubali kuchomwa, alikua anaogopa.

Binti asiyelala

*

Marahaba mwanangu. Nitajibu yote matatu, ila kwanza soma aya hii moja na ikiisha umwambie mzee avae mnaenda hospitali. Leo. Sio wiki 5 zijazo, sio wiki ijayo. Mtu wa kisukari ambaye mguu unamwamsha usiku na anapona akiuning'iniza, ana kidonda cha wiki 3 kisichofunga, na kidole kinageuka rangi, huyo mguu wake una njaa ya damu na ukizidi kusubiri unaweza kupotea. Mkifika usiseme "ana kidonda kidogo" maana mtawekwa foleni ya vidonda vidogo. Sema hivi: ana kisukari miaka 19, usiku maumivu ya mguu hayamuachi mpaka auning'inize, ana kidonda wiki 3, na kidole kinakuwa cheusi. Muombe waangalie mzunguko wa damu kwenye mguu, sio kufunga bandeji tu na kuwarudisha nyumbani. Na kama njiani mguu ukabadilika ghafla ukawa wa baridi kabisa, au akapata homa, au wekundu ukaanza kupanda juu, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Ile ya kulala kwenye kiti ndo imenishtua kuliko kidonda chenyewe. Watu wengi wanadhani ni tabia ya wazee. Mguu ukilala sawa na moyo, damu inabidi isukumwe hadi kwenye vidole na moyo peke yake, sasa kama bomba limeziba njiani haifiki. Ukiuning'iniza, uzito wa damu yenyewe unaisaidia kushuka, kidole kinapata angalau tone, maumivu yanapoa, analala. Uvimbe unaouona asubuhi ni kwa sababu mguu ulikesha ukining'inia, na nakuomba sana usije ukaufunga bandeji ya kubana au kumvalisha soksi za kubana kutoa huo uvimbe. Mguu wenye njaa ya damu ukiubana unauziba kabisa.

Na ile "hakaniumi" nayo isikutulize. Sukari ya miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, kidole kinakufa ganzi, kwahiyo kidonda kinakaa kimya. Nimeshawahi kumvua mzee mmoja kiatu nikakuta kifuniko cha kalamu ndani, kakitembelea kutwa nzima, soksi imelowa damu na yeye anashangaa kama mimi. Mguu wa namna hiyo kukaa kimya sio ushahidi wa chochote.

Huko hospitali watashika mapigo, kwa vidole viwili kwenye mgongo wa mguu (sio chini kwenye unyayo) na nyuma ya kifundo cha ndani. Wengi pia wanapima presha ya kifundo cha mguu na kuigawa kwa presha ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 kuna mshipa umebana. Sasa hapa kuna mtego unaowapata sana watu wa kisukari cha miaka mingi: kuta za mishipa yao zinakuwa ngumu kwa chokaa, kile kitambaa cha kupimia presha kinashindwa kuziminya, na jibu linatoka zuri au hata juu ya 1.4 wakati damu haifiki. Kwahiyo mkiambiwa "vipimo viko sawa" na kidole bado cheusi, uliza kwa adabu kama wanaweza kupima presha ya kidole chenyewe cha mguu, maana vidoleni mara nyingi mishipa haijakakamaa hivyo, au wapige ultrasaundi ya dopla kuangalia damu inavyotembea. Sio ubishi, ni mguu wa baba yako.

Haya, tuje kwa VEGF. Binamu yako hajadanganya ila kakupa kipande tu cha habari.

Mwaka 1983 watafiti wa Boston, kundi la Harold Dvorak, walikuta protini inayotolewa na uvimbe wa saratani ambayo kazi yake waliyoiona ni kufanya mishipa ya damu ivujishe maji. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake kwenye kampuni ya Genentech huko California wakaitenga protini inayozifanya seli za ndani ya mishipa zizaliane, wakaiita VEGF. Ikaja kugundulika ni kitu kimoja. Yaani protini ile ile inayootesha mishipa ndo hiyo hiyo inayoivujisha, na ukilishika hilo utaelewa jicho na mguu wa baba kwa pamoja.

Kwenye jicho, sukari iliziba vimishipa vidogo vya retina, retina ikakosa hewa ya oksijeni, ikapiga kelele kwa kumwaga VEGF. Mishipa ikaota kweli, lakini mibovu, myepesi, inavuja na kupasuka, ndo ule ukungu. Dawa ya jicho inaikamata hiyo VEGF isifanye kazi. Kwenye mguu nako kuna njaa ile ile ila itikio ni hafifu. Sio kwamba VEGF imekwisha kama mafuta kwenye taa. Sukari ikikaa juu mda mrefu inaharibu kile kitambuzi ndani ya seli kinachojua kwamba oksijeni imepungua, kwahiyo mwito wenyewe unatoka dhaifu. Alafu hata mwito ukitoka, seli zinazotakiwa kuupokea zinakuwa kama zina uziwi, na zile seli za kutoka kwenye uboho zinazosaidia kukarabati mishipa zinakuwa chache na zimechoka. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja, juu mishipa inaota kupita kiasi na chini inagoma kuota. Wanasayansi wenyewe hili limewasumbua miaka na miaka, kwahiyo usijione mjinga kuchanganyikiwa.

Kuna jambo lingine ambalo binamu hakukwambia na kwangu ndo kubwa kuliko yote. Kuota kwa mishipa kuko kwa namna mbili. Kuna vimishipa vidogo kabisa, kapilari, vinachipua pale kwenye njaa ya oksijeni, na hii ndo kazi ya VEGF hasa. Na kuna mishipa ya pembeni ambayo tayari ipo, myembamba, ambayo bomba kubwa likiziba inatanuka na kugeuka njia ya mchepuko, na hii inasukumwa zaidi na damu yenyewe ikipita kwa nguvu na kusugua kuta zake. Sasa fikiria nyumba ambayo bomba kuu limeziba huko barabarani. Ukiongeza koki 20 jikoni, maji yatatoka? Hayatatoka. Baba yako tatizo lake kuna uwezekano mkubwa liko kwenye bomba, na kwa watu wa kisukari bomba linapenda kuziba chini ya goti.

Na hizo sindano za jeni, zimejaribiwa kweli, na watu makini kabisa. Daktari Jeffrey Isner wa Boston alitangaza mwaka 1996 habari za mama wa miaka 71 aliyewekewa jeni ya VEGF kwenye mguu uliokuwa unakufa. Mishipa mipya ilionekana kwenye picha, dunia ikashangilia. Lakini mguu ulivimba, kwa sababu VEGF inavujisha si nilikwambia, na miezi michache baadae ulikatwa chini ya goti hata hivyo. Huko Groningen, Uholanzi, mwaka 2006 walitoa majibu ya wagonjwa 54, wote wa kisukari kama baba, wenye miguu iliyo kwenye hatari: vidonda vya baadhi vilipata nafuu kuliko wale waliochomwa sindano tupu, ila kwenye kukatwa miguu tofauti haikuwa ya kuitegemea. Mwaka 2011 likaja jaribio kubwa la kichochezi kingine cha mishipa, kinaitwa FGF, wagonjwa 525 nchi 30, na waliopata dawa walikatwa miguu na kufariki karibu sawa na waliopata sindano tupu. Urusi waliidhinisha dawa yao ya jeni ya VEGF mwaka huo huo wa 2011. Japani wakaruhusu kwa masharti dawa ya jeni ya kichochezi kingine mwaka 2019, na 2024 ikaondolewa sokoni baada ya majibu ya baadae kushindwa kuthibitisha yale ya mwanzo. Nakwambia yote haya kwa sababu ningekuambia tu "haifanyi kazi" ungedhani nakuficha. Mimi mwenyewe naitamani siku dawa hiyo ikipatikana, nimeona miguu mingi mno ikiondoka. Lakini leo hii ukianza kuzunguka kuitafuta, mda utakaoutumia kuzunguka ndo mda wa kidole cha mzee.

Vidonge usinunue. VEGF ni protini, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote, haifiki mguuni ikiwa VEGF. Sasa tuseme huyo muuzaji ana kitu kingine ambacho kweli kinaamsha kuota kwa mishipa mwili mzima. Kitaamsha na ya jichoni! Baba atakuwa anachomwa sindano ya kuzuia kila mwezi na kila asubuhi anameza ya kuchochea. Na saratani nayo inaishi kwa mishipa mipya, daktari mtafiti wa Marekani Judah Folkman alilisema hilo tangu 1971, na dawa ya kuzuia VEGF ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2004 kutibu saratani ya utumbo mpana kabla watu wa macho hawajaichukua. Kitu chenye nguvu ya namna hiyo hakiuzwi na mtu wa dozi ya miezi 3 asiyejua hata kama mgonjwa ana jicho bovu.

Kinachookoa mguu kama wa baba ni kufungua bomba. Wataingiza waya mwembamba na puto litanue sehemu iliyobana, pengine waache stenti, kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa usibane tena, au daktari wa upasuaji atachukua mshipa wa mgonjwa mwenyewe, ule mrefu unaopita chini ya ngozi ya mguu kwa ndani, auunge kama barabara ya mchepuko. Jaribio moja kubwa la wagonjwa 1,830 lililotoka 2022 lilionyesha kwamba kama huo mshipa ni mzima na mtu anahimili upasuaji, kuunga kulishinda njia ya puto. Kwahiyo swali la kuuliza ni hili: "mshipa wake wa mguu unafaa kuungwa?" Na kabla hamjakubali kukatwa chochote, isipokuwa kama kuna maambukizi yanayotishia maisha, uliza kama mtaalamu wa mishipa ameuona mguu na kama damu inaweza kurudishwa kwanza. Kidole kikikatwa kwenye mguu usio na damu, jeraha la kukatwa nalo halifungi, wanakuja kupanda juu tena.

Pamoja na hilo kuna dawa za kila siku ambazo hazina mvuto wa kusimulia kwenye simu: ya kushusha kolesteroli, aspirini au clopidogrel ili damu isigande, presha iwe sawa, sukari ishuke bila kuporomoka. Usimwanzishie mwenyewe aspirini, waambie ana jicho linalovuja na wao wataamua. Sigara kashaacha, mpongeze, na asirudi hata kwa moja.

Kutembea ni dawa pia, na sasa unajua kwanini, damu ikikimbia ndo ile mishipa ya pembeni inatanuka. Watu wanaobanwa shavu la mguu wanafundishwa kutembea mpaka libane, wapumzike, waendelee, nusu saa na zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 hivi, na wengi umbali wao unaongezeka kweli. Ila sio baba, sio sasa hivi. Akiwa na kidonda na maumivu ya usiku, kila hatua inakiminya kidole. Hilo litakuja baadae wakishamrudishia damu na kidonda kikafunga.

Mkiwa mnajiandaa kutoka: kidonda funika na gozi safi kavu, basi. Usimkande na maji ya moto, usimuwekee chupa ya moto miguuni hata akilalamika baridi, ganzi haitamwambia anaungua. Usimsugue, usikate hako kangozi pembeni ya ukucha. Viatu viwe vilegevu, ingiza mkono wako ndani upapase kabla hajavaa. Chukua na dawa zake zote kwenye mfuko, na ile karatasi ya kliniki ya macho.

Na sasa lile lako la mwisho, ambalo nadhani ndo lilikufanya uandike. Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Umesema shavu la mguu lilianza kumbana mwaka juzi. Sindano za jicho zimeanza mwaka huu. Mguu ulikuwa unaziba kabla jicho halijaguswa, kwa sukari ya miaka 19 na sigara, na dawa ya jichoni sio inayoziba bomba chini ya goti. Kiasi kinachowekwa jichoni ni kidogo mno, kuna dawa moja inayotumika sana ambayo jichoni ni miligramu 1.25, mgonjwa wa saratani anapewa mamia ya miligramu za hiyo hiyo kwenye mshipa. Kiasi fulani kinaingia kwenye damu, ndo maana daktari wa macho lazima aambiwe kuhusu mguu kabla ya sindano inayofuata, na kama baba amewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo aambiwe pia, ili apange yeye na wa mishipa. Lakini msiache sindano kimya kimya kwa hofu. Hukumharibia baba, ulimrudishia jicho, na mtu mwenye ganzi miguuni anahitaji macho kuliko mtu mwingine yeyote, maana ndo atakayoyatumia kila jioni kukagua nyayo zake na katikati ya vidole.

Mkitoka hospitali niandikie wamesema nini kuhusu mapigo ya mguuni, na presha ya kidole ilikuwa ngapi.